Talaka ya Tatu

Badi alizoea kuniacha kwa mzaha. Chumvi ikizidi, talaka. Eda ikikaribia kwisha, ananirudia. Baba yangu alimfanyia mama hivyo hivyo kule Mbololo, na wazee wakimbana, anaapa hakutamka kitu. Mama alikufa akiwa hajui kama ni mke au mtalaka.

Mimi si mama yangu. Siku hizi sheria inataka ndoa na talaka ziandikishwe, kwa hiyo kila aliponiacha niliwapeleka mashahidi kwa Kadhi hapa Voi. Badi aliitwa, akakiri huku akicheka. "Andikeni tu. Nitamrudia."

Baada ya talaka ya tatu alikuja na leso mpya kunirudia. Kadhi akamwambia haiwezekani tena, mpaka niolewe na mwingine, na huyo aniache kwa hiari yake. Badi alilia mbele za watu. Roho yangu ikaburudika.

Eda ilipokwisha nikaolewa na Rashid Mwadime, mwenye bucha inayotazamana na duka la Badi. Kila asubuhi Badi huvuka barabara kumuuliza, kwa adabu, kama nyumbani kuna amani.

Rashid humjibu ipo. Mimi ndiye niliyemfundisha ajibu kwa sauti.