Paipu Chini ya Itoka

Harufu ya udongo uliolowa hunifanya niinamishe uso. Wenzangu huipenda. Mvua ya kwanza ikilipiga vumbi la Ruiru, majirani hutoka nje wakaivuta puani na kusema Mungu ametukumbuka, nami hurudi ndani nikajitafutia kazi jikoni. Harufu hiyo niliizoea nikiwa mtoto, tena wakati wa kiangazi, mahali ambapo haikupaswa kuwepo: kwenye mpaka wa ploti yetu kule Ngoingwa, chini ya safu ya itoka, yale maua ya majani marefu ambayo sisi Wakikuyu hupanda kutenganisha shamba na shamba. Mwaka huo jua lilikausha kila kitu. Sukuma wiki ya mama ilibaki vijiti, migomba ikavaa vumbi, mbuzi wakala maboksi. Itoka yetu ilikuwa mbichi, imenenepa, imechanua. Nilikuwa nikilala kifudifudi pale nikanusa ubaridi wa ule udongo, na mama akipita husema hizo ni baraka za nyumba inayoomba. Haki ya Mungu, niliamini.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa fundi wa kila kitu pale nyumbani: paa, milango, mabomba. Mimi na ndugu zangu alitufundisha mapema kwamba itoka haing'olewi. Anayeing'oa amehamisha mpaka, na anayehamisha mpaka wa jirani amelaaniwa, hata Biblia imesema. Na hapo alikuwa akifungua Biblia kutuonyesha mahali palipoandikwa, kidole kikitembea juu ya maneno. Kiangazi kile mifereji ya kichochoro chetu chote ilikauka isipokuwa wetu. Baba aliwaambia watu kwamba laini yake aliivuta mwenyewe kutoka kwenye paipu kubwa la barabara ya chini, zamani, kabla Ngoingwa haijajaa nyumba. Kisha akafungua lango, watu wakaja kuchota bure. Jumapili mchungaji alimtaja madhabahuni, na baba akaangalia chini kwa unyenyekevu. Nilidhani ni unyenyekevu.

Aliyekabidhiwa mfereji huo ni mimi, Ciru, kifungua mimba. Nikitoka shule navua soksi, naketi juu ya tofali, nafungua na kufunga. Ukitaka kumjua mtu mpe cheo, na mimi nilipewa mfereji nikawa chifu. Niliwapanga watu wazima mstari, nikawakemea waliosukumana, nikamrudisha nyuma aliyekuja na mtungi mchafu. Katika mstari huo alikuwepo jirani yetu wa upande wa juu, Mama Auma, mwanamke mrefu aliyetoka upande wa ziwani na kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, nyuzi za pamba bado zimemganda kwenye nywele, pamoja na bintiye Auma, ambaye tulisoma darasa moja. Wao walikuwa na mita yao na mfereji wao, ila ulidondoka tu, na hakuna aliyejua kwa nini. Sasa sikilizeni nilivyokuwa mtoto mbaya. Mitungi ya wengine niliijaza. Wa Mama Auma nilifunga mfereji ukiwa bado umebakiza kiganja kizima kujaa, kwa sababu nilikuwa nimesikia watu wakubwa wakisema wale wa kutoka huko hawajui kubana maji. Hakuwahi kulalamika. Alisema, "Asante, nyathina," yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, akamwombea baba maisha marefu, akainua mtungi wake na kwenda.

Mvua ya masika ilipokaribia, Mama Auma alikuja kwetu na ombi. Kila masika maji ya mlimani yaliingia nyumbani kwake mpaka wakalala wamepandisha magodoro juu ya meza, na sasa alitaka kuchimba mtaro wa kuyapeleka barabarani, upande wake wa mpaka. Alikuja kwa heshima zote: alivaa vizuri, akaketi sebuleni, akanywa chai, akauliza habari za kila mtu, ndipo akasema itoka imeenea ikaingia kwake, na kama baba hangeona vibaya, angeipunguza kidogo. Baba aliweka kikombe chini. Alimwambia itoka haiguswi, ni mila, na kwamba hata mtaro si lazima, maji ya mvua hupita tu. Mama Auma aliomba radhi. Alisema kwao pia kuna vitu visivyoguswa, basi angeiacha, achimbe hatua moja ndani ya ploti yake mwenyewe. Siku zilizofuata baba hakuwa na raha. Kila jioni alisimama pale mpakani akitazama ardhi, chakula kikapoa mezani, na mama alipomuuliza alisema anaogopa watu wasije wakaharibu mpaka. Nilijivuna kuwa na baba anayelinda mila.

Jumamosi walikuja vijana wawili wa kanisa la Mama Auma na jembe na sururu. Mimi nilikuwa kwenye tofali langu, mstari umefika langoni. Mfereji ulikohoa, ukatema hewa, ukanyamaza. Wakati huohuo nikasikia vijana wakipiga kelele upande wa pili, na harufu ile, ya udongo wangu wa baraka, ikajaa hewani. Nilikimbia hadi mpakani, na wenye mitungi wakanifuata. Mtaroni maji yalikuwa yakiruka mpaka magotini mwa vijana kutoka kwenye paipu jeusi lililokatwa na sururu. Walikuwa wakijitetea kwamba hawakuona alama, hapakuwa na jiwe wala kijiti, na ni kweli hapakuwa. Lakini mtaro wenyewe ulikuwa umelifukua paipu kwa urefu, na hata mtoto angeliona lilikotoka na linakokwenda. Lilitoka kwa Mama Auma, nyuma ya mita yake. Likapita chini ya itoka. Likaja kwetu.

Baba alitokea akifunga vifungo vya shati. Aliongea haraka, na baba hakuwa mtu wa kuongea haraka. Alisema hilo ni paipu la zamani la shamba la kahawa, lililowekwa kabla ardhi haijakatwa ploti, na kwamba Ngoingwa yote imejaa mapaipu yasiyo na alama, ukichimba choo unayakuta, ukichimba msingi unayakuta. Hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo maana uongo wake ulikaa vizuri mdomoni. Akaagiza mpira wa baiskeli wa kulifunga, akawaambia vijana warudishe udongo mara moja. Mama Auma alitembea polepole hadi langoni kwake, akainama penye mita, akazungusha koki. Mtaroni maji yakashuka, yakatoa mapovu, yakakoma. Alirudi akifuta mikono kwenye leso yake.

"Baba Ciru," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "paipu la shamba la kahawa linafungwa na koki yangu?"

Baba alitazama itoka. Mama yangu aligeuka akaingia nyumbani, na nikasikia mlango. Wale watu waliosimama na mitungi hawakucheka, na afadhali wangecheka. Waliondoka mmoja mmoja na mitungi mitupu, hata hawakuaga. Mimi nilibaki nimesimama na kata ya maji mkononi. Nilielewa yote kwa mpigo: kwa nini mfereji wao ulidondoka, kwa nini itoka ilichanua kiangazi, kwa nini mila ile ilikuwa na ulinzi mkali hivyo. Laini ilifichwa chini ya itoka kwa sababu hakuna Mkikuyu angethubutu kuing'oa. Na yule mama wa watu niliyekuwa nikimpimia, niliyemnyima kiganja kila jioni, nilimnyima maji yake mwenyewe, naye akanishukuru. Niliona aibu mpaka masikio yakauma. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga. Mimi nilitamani hicho kifo kingekuja hapohapo.

Watu walimshauri Mama Auma aende kwa chifu, aende kwa watu wa maji. Hakwenda. Aliziba paipu pale lilipokatwa, akamaliza mtaro wake, na itoka akaiacha imesimama vilevile, safu nzima, wala hakukata jani. Hilo ndilo lililotumaliza. Tangi letu liliisha mapema. Mama hakuweza kwenda kuomba, baba ndiyo kabisa, kwa hiyo nikatumwa mimi. Mfereji wa Mama Auma sasa ulitoka kwa nguvu, na anayefungua alikuwa Auma. Sikuweza kumtazama. Maji yalipobakiza kiganja niliinama nikaufunga mwenyewe. Mama Auma alitoka jikoni, akaufungua tena.

"Jaza mpaka juu, nyathina," akasema. "Usiogope."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningepona mapema. Nilibeba mtungi ule ukinimwagikia shingoni, na nikalia njia nzima, kwa kuwa nimelowa hakuna angejua. Tulichota kwake hadi mvua iliponyesha. Shuleni Auma hakumwambia mtu, hata tulipogombana.

Baba aliacha uzee wa kanisa, akasema ni mgongo. Mama Auma alistaafu akarudi kwao, na nyumbani kwetu jambo lile halikutajwa tena. Hata methali ya siku za mwizi kuwa arobaini tuliacha kuitamka. Siku hizi nina nyumba yangu Ruiru, ambako kila mtu anachimba: huyu ukuta, yule waya za intaneti, mwingine maji taka, na kila wiki paipu la mtu linakatwa na kila mtu anasema hapakuwa na alama. Tulipochimba msingi wa ukuta wangu, vijana wa mjengo waligonga laini. Msimamizi wao alisema tuifunge kwa mpira tufukie, nani atajua. Mpira ule niliujua. Niliwasimamisha kazi, nikaenda lango kwa lango nikiuliza ni maji ya nani. Yalikuwa ya mama mmoja kijana wa nyumba ya tatu, aliyeshangaa kwamba nimekuja kabla yeye hajalalamika. Tuliweka paipu jipya, na ukuta ulipokamilika nikapaka mstari wa buluu kuonyesha linapopita. Majirani hunitania, huniita Mama Buluu. Nawaacha.

Krismasi iliyopita baba alikuja kunitembelea, na fimbo yake. Alisimama mbele ya ukuta akauliza ule mstari ni wa nini. Nikamwambia ni ili anayechimba ajue hapa yanapita maji ya nani. Aliufuata kwa ncha ya fimbo hadi mwisho wake, kisha akasema jua ni kali, nimpe maji. Jikoni niliona mkono wangu umefunga mfereji kabla bilauri haijajaa. Nikafungua tena. Alipokea kwa mikono miwili, yakamwagika kidogo kwenye shati, akanywa yote.

"Ile mitungi ya kwa Mama Auma," akasema, bila kunitazama, "ulikuwa ukiileta imejaa."

Nikamwambia ndiyo, baba. Ilikuwa imejaa mpaka juu.