Mdomo Ukutani kwa Wifi

Wanangu sikuwanunulia rangi wala madaftari ya kuchorea. Hela ya kuuza maharage ilikuwa inaishia kwenye chumvi, sabuni na sare za shule. Niliwapa ukuta. Ukuta wote wa mbele wa nyumba yetu ya udongo, hapa Kasulu, ulikuwa wao: mkaa wa jikoni, majivu, udongo mwekundu wa kichuguu. Wachore wanachotaka, nami nisiulize kwa nini ng'ombe ana miguu sita.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaja kututembelea kutoka Kibondo. Nikaenda shamba. Niliporudi, ukuta ulikuwa umesiribwa upya, laini, mtupu, na binti yangu wa miaka tisa amejikunyata nyuma ya choo na alama za fimbo miguuni. Alikuwa amemchora shangazi yake akiongea, mdomo mkubwa kuliko kichwa.

“Yewe, mke wetu,” wifi akaniambia, “wewe unafuga watoto, huwalei.”

Nikamwandalia chakula, akala. Nilimchukia kuanzia siku ile, taratibu, kama mtu anayeloweka maharage. Maana binti yangu aliacha kuchora. Nikimwekea mkaa, anauangalia tu. Miezi ikapita hivyo.

Kisha kijana wa wifi akapata mchumba. Wakwe walikuwa wanakuja kuona nyumba, na kwetu wake wa ukoo ndio wanaosiriba nyumba ya bwana harusi. Wifi alipopiga simu kugawa kazi, niliuomba ukuta wa mbele kabla hajamaliza. Nikapanda basi la Kibondo na binti yangu, mkaa umo kwenye mfuko.

Asubuhi ya ugeni, udongo ukiwa bado mbichi, nikampa binti yangu kipande cha mkaa. “Mchore shangazi. Ule mdomo.”

Akatikisa kichwa. “Kwani huu ukuta wa nani, mama? Mimi sitaki.”

 Ni mimi niliyemlea aseme hivyo. Lakini nilikuwa nimesubiri mno. Nikachora mwenyewe, kutoka mlangoni hadi dirishani, mdomo wazi, mkaa ukizama kwenye udongo.

Wakwe wakaingia uani wakipiga makofi ya salamu, kisha makofi yakakatika. Wifi akatoka ndani kuangalia kulikoni. Hakuuliza. Akachomoa ufito kwenye ua, akamfuata binti yangu.

“Nimechora mimi,” nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. “Nichape mimi, wifi. Wakwe zako wanaangalia.”

Akabaki na ufito mkononi, akilazimisha kicheko. Akajaribu kufuta kwa kanga. Mdomo ukazidi kutanuka. Vijana wakapiga picha kwa simu, na mpaka leo zinazunguka kwenye kundi la ukoo. Roho yangu iliburudika. Sijaomba radhi, na siombi.

Binti yangu akasogea, akautazama ukuta. Halafu akaninyooshea mkono.

“Lete huo mkaa, mama. Hujaweka meno.”