Meno Ndani ya Sanduku la Jua

Shangazi yangu alifanya kazi miaka mingi katika hospitali moja, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo vya upasuaji. Alipostaafu akahamia kwetu Malindi na mazoea yake yote. Vijiko vilichemshwa kila siku, na maji ya kisima yalitiwa dawa mpaka chai ikanuka kama choo kilichotoka kusafishwa.

Mwaka ule nyumba ikaingia kunguni. Tulipuliza dawa, wakazidi kunenepa. Shangazi akasema kunguni haogopi dawa, anaogopa joto. Akaunda sanduku la mabati lenye kuta mbili, katikati akashindilia makumbi ya nazi, ndani akapaka rangi nyeusi, na juu akafunika kioo cha mbele cha lori bovu. Akaliweka uani. Jua la saa sita likipiga, kipimajoto kilisoma digrii sabini. Mito, magodoro, mazulia, vyote vilipita humo, na kunguni wakaisha. Tangu hapo kila mgeni alitazamwa begi kabla ya uso.

Wageni waliofuata walikuwa wangu mimi. Walitoka Mombasa asubuhi kuja kuniposa, wakiongozwa na ami yake mchumba wangu, mzee mpole wa kanzu nyeupe. Walipokwisha kula chakula cha mchana wakajilaza. Shangazi akalibeba begi la yule mzee kimyakimya, akalitia sandukuni.

Baada ya swala ya alasiri wanaume wakakaa sebuleni. Sisi wanawake tukajibana nyuma ya pazia, nyanya yangu mbele kabisa. Maneno yakawa hayaanzi. Kisha nikamsikia ami akimnong'oneza mwenziwe, "Meno yangu yamo begini. Niliyavua baada ya kula."

Shangazi akashika kichwa. "Meno?"

Akakimbia uani, akarudi na begi likitoa mvuke, akalipitisha chini ya pazia. Haluwa waliyotuletea ilikuwa imeyeyuka na kuienea kofia yake ya viua iliyodariziwa kwa mkono. Meno yalikuwepo, lakini yamejikunja kama ganda la chungwa. Mzee akajaribu kuyavaa, yakakataa. Akajikaza, akasema vivyo hivyo bila meno:

"Tumekuja kumpofa binti yenu."

Nyanya akaruka. "Kumpofua! Mjukuu wangu amewakosa nini hata mje kumpofua?"

"Fiyo kumpofua, bibi! Kumpofa! Awe mke!"

Babangu akauficha uso kwa kofia yake, mabega yakitikisika. Mimi sikucheka. Niliona ndoa yangu inakufa kwa digrii sabini.

Shangazi akafungua pazia na kutoka, jambo ambalo halikuwa adabu, akasimama mbele ya wanaume wote. "Shikamoo, mzee. Nisamehe. Ni mimi niliyelitia begi lako motoni. Niliogopa kunguni."

"Kunguni!" Mzee akasimama kwa hasira. "Fifi hatuna kunguni!"

Shangazi akatandaza shuka jeupe sakafuni, akaligeuza begi na kulikung'uta. Wakaanguka watatu, wakavu, miguu juu.

Mzee akawatazama wale maiti, akamtazama shangazi, kisha akaketi taratibu. "Ni wa bafi," akasema. "Tumewapata kwenye bafi."

"Bila shaka," akasema babangu kwa heshima kubwa. "Mabasi ya siku hizi hayana maana."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka pande zote mbili za pazia, na mzee mwenyewe akacheka zaidi ya wote, mdomo wazi, ufizi mtupu. Posa ikakubaliwa kabla ya magharibi. Haluwa tuliila kwa vijiko, na mzee alirudia mara tatu kwa kuwa haikutaka kutafunwa.

Shangazi alimpeleka mwenyewe kwa fundi wa meno, akachukuliwa vipimo vya meno mapya. Siku ya harusi mzee alikuja akitabasamu kila dakika, hata pale ambapo hapakuwa na sababu. Kabla ya kuondoka alimvuta shangazi kando, akatoa kalamu na karatasi, akamwomba vipimo vya sanduku.