Siku Mama Alipolia Mbele ya Kamera

Juzi nilimwona kwenye televisheni mwigizaji mmoja, mzee sasa, akisimulia filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe. Aliitengeneza Saint Paul, mji wa ng'ambo tulikokuwa tukiishi nilipokuwa mtoto.

Mama, aliyekuwa muuguzi, alichukuliwa aigize muuguzi anayepita koridoni. Palinukia kahawa na makoti yaliyolowa theluji. Aliambiwa apite tu, lakini kamera zilipowashwa alisimama, akalia. Yule mwongozaji hakumkatiza. Mimi, niliyekuwa nimefuatana naye, nilipiga makofi, nikidhani mama anaigiza.

Kwenye gari nikamwambia, "Mama, umelia kama kweli."

"Bibi yako amezikwa leo Moshi," alijibu taratibu. "Sikuweza kwenda."

Kipande kile kilibaki kwenye filamu. Sikumwona tena akimlilia mama yake.