Vitambaa vya Vero

Harufu ya pamba nyeupe chini ya pasi ya makaa ndiyo iliyonirudisha utotoni. Mama alikuwa amekuja kumwona binti yangu mchanga, na sasa alinyoosha vile vitambaa virefu alivyomfungia dada yangu Vero alipokuwa mchanga. Usingizi ulikuwa umenikimbia tangu mtoto azaliwe. Ni vitambaa vilivyomlemaza Vero, au alitoka tumboni hivyo? Na nikikataa visitumike, si nitakuwa nimemhukumu mama yangu? Diploma yangu ya ualimu ilining'inia ukutani tu.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Kamalondo, mtaa wa Waafrika mjini. Baba, karani wa reli, mtu wa kola ngumu, alikuwa amewaona watoto wa Wazungu wakilazwa katika vigari, miguu imenyooshwa kama mishumaa. Vero alipozaliwa, fundi cherehani jirani yetu alichana shuka zima kuwa vitambaa vya kuifunga miguu yake inyooke. Kumbeba mtoto mgongoni, miguu ikikumbatia kiuno cha mama, kukawa mambo ya kijijini.

"Mutoto wa karani hatakuwa na miguu ya chura," Baba alisema.

Nkambo, mama yake Mama, alicheka. "Munamufunga sawa mukate wa chikwanga ndani ya majani. Mutamukula lini?"

Mama alivikaza kwa upendo. Hilo nalikumbuka vizuri. Lakini kila alipomfungua amwogeshe, nyonga ya kushoto ilitoa mlio mdogo, kama kidole kinachovutwa. Sote tuliusikia.

"Mifupa inakomaa," Mama alisema, nasi tukaridhika.

Vero alichelewa kusimama. Alipoanza kutembea, mguu mmoja ulimwangusha upande. Watoto wa mtaa walimuuliza kama anapima njia. Kwenye sakafu yetu ya saruji nilizitambua hatua zake nikiwa nimefumba macho: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Siku hizi ameolewa Jadotville, lakini nyumbani kwangu, ambako hajawahi kukanyaga, nazisikia.

Wakati ule tulimpeleka hospitali; daktari alijaribu kuupanua ule mguu kando, ukakataa. Alisema kichwa cha mfupa kilikuwa nje ya mahali pake tangu uchanga. Pengine nyonga ilizaliwa legevu. Kufungwa miguu imenyooka kukaizuia isikae sawa. Kama angeletwa wakati wa ule mlio, ingekuwa rahisi. Baba alilegeza kola yake. Tuliporudi, Mama alivifua vitambaa, akavikunja, akaviweka.

Nilidhani alitaka kusahau. Siku ile nyumbani kwangu, nikimtazama anavyopiga pasi polepole, ndipo nilipoelewa: alitaka mtoto mwingine afungwe vilevile, kisha atembee vizuri, ili yeye apumzike.

"Mama, huyu hatutamufunga."

Pasi ilisimama. "Ni mimi nilimuvunja Vero?"

"Sijui, Mama. Hata daktari hakujua. Lakini sitaki kujua kupitia huyu."

Aliitazama pasi mpaka kitambaa kikaanza kuungua. Kisha akaiinua.

Nilimwomba mke wangu anifungie mtoto mgongoni kwa kitenge chake, mapaja wazi, magoti juu. Nikatoka hivyo, na suti yangu, kwenda zahanati nyonga zikaangaliwe. Kwenye baraza la mafundi, cherehani zilisimama, na fundi mmoja akaniita.

"Ee, Bwana Mwalimu! Bibi yako amekufa, ni wewe unabeba mutoto?"

"Bibi iko muzima," nikajibu. Nikageuka ili waione vizuri ile miguu midogo iliyopanuka. "Na mutoto wako, baba, unamufunga namna gani?"