Mwenye Kofia Yuko Chooni

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na nikisema nimeificha nina maana nimewaficha nyie wa huku, maana kule Mpanda hakuna asiyeijua, na hadi nahama wanafunzi walikuwa wananiita Mwalimu Chooni wakidhani sisikii (nilikuwa nasikia). Naitoa leo mnicheke mara moja yaishe, halafu mtu asiniulize tena kwa nini sipendi kuangalia picha za safari za watu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi kijana wa Lushoto nimepangiwa kufundisha jiografia sekondari moja pale Mpanda, nimepanga chumba kimoja Nsemulwa, nina kitanda, jiko la mkaa na redio, na kwa miaka miwili niliyokuwa nimekaa pale sikuwa na mtu. Sisemi sikuwa na mchumba, nasema sikuwa na mtu. Watu hawakuwa wabaya, salamu walinipa asubuhi na jioni, ila kila mmoja alikuwa na wake, Wakonongo na ndugu zao, Wafipa na ndugu zao, Wasukuma na ndugu zao na ng'ombe wao, na Msambaa nilikuwa mimi tu, hata kilugha changu nilikuwa nakiongea wakati wa kuoga ili nisikisahau. Siku za treni nilikuwa nikitoka shule naenda stesheni, nasimama pale katikati ya waliokuja kupokea jamaa zao, na mimi sina ninayempokea, natazama tu watu wakikumbatiana na kupokezana mizigo, kisha narudi kupika ugali wa mtu mmoja (ugali wa mtu mmoja hauivi vizuri, muulizeni yeyote aliyewahi kuupika).

Sasa parokia yetu ilikuwa na padre mzee, Mbelgiji, na mwaka ule alitembelewa na dada yake, mama wa kama miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Mama huyo alikuwa ametoka kuzunguka dunia na meli ya starehe, zile ambazo watu wanapanda si kwa sababu wanakwenda mahali bali kwa sababu wanataka kupita kila bandari yenye sura nzuri, na alikuwa amepiga picha za slaidi. Ikatangazwa kanisani: Jumapili saa tisa mchana, ukumbi wa parokia, bandari nzuri za dunia, wote mnakaribishwa. Mashine ya kuonyeshea iliazimwa Sumbawanga. Padre mzee ndiye angetafsiri, maana dada yake alijua Kifaransa tu, lakini Ijumaa alikwenda Majimoto kuzika, mvua ikanyesha, gari likazama kwenye tope, na dereva wa lori aliyempita njiani akaleta habari kwamba padre harudi kabla ya Jumanne. Na lori la kurudisha mashine Sumbawanga linaondoka Jumatatu asubuhi.

Ndipo baada ya misa Baba Paroko, ambaye alikuwa kijana wa huko huko Ufipa na Kifaransa hakijui hata cha salamu, akanikuta nimesimama nje ya kanisa (nilikuwa nasimama pale kila Jumapili, najifanya nasoma matangazo ya ndoa). Akaniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Kifaransa unakijua?"

Kifaransa nilisoma kidato cha kwanza na cha pili, kisha mwalimu akahama, na kilichonibakia kichwani ni kusalimia, kutaja jina langu, kuhesabu hadi ishirini na majina ya wanyama wanne. Jibu lilikuwa hapana, Baba. Lakini pembeni yake alikuwepo Mama Jenoveva, mwenyekiti wa kwaya, na wanakwaya kama sita, wote wamenyamaza wananitazama wanasubiri niseme, na katika miaka miwili hakuna mtu mzima aliyewahi kunyamaza kunisubiri mimi niseme kitu. Nikasema, "Kinapanda kidogo, Baba." Nilijua nadanganya, ila niliuona uongo mdogo, wa saa moja tu.

Saa tisa ukumbi umefurika. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili giza liingie, jenereta linanguruma nyuma, shuka jeupe limetundikwa ukutani, mbele kabisa kwaya, katikati familia, huku pembeni wafugaji waliokuja mnadani wakaamua kulala ili waone sinema, na benchi la mwisho makatekista kutoka Mishamo waliokuwa pale parokiani kwa semina ya wiki nzima. Hao niliwaona kabisa. Niliwaamkia kabisa, mmoja mmoja, shikamoo, marahaba. Na haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba wale ni wakimbizi wa Burundi, na kwamba kule kwao mtu aliyesoma amesomea Kifaransa. Mwalimu wa jiografia huyo.

Mama akawasha mashine, ikatokea meli. Nyie, ghorofa kumi nyeupe zimekaa juu ya maji, na ukumbi mzima ukaguna, maana meli tuliyokuwa tunaijua sisi ni ile ya Ziwa Tanganyika. Mama akaongea maneno mengi, mimi nikashika moja, nikasema, "Anasema hii ndiyo meli yenyewe." Hakuna aliyelalamika. Ikaja bandari ya Naples, jina nikalisikia, na mlima wa volkano nyuma yake naufundisha kila mwaka, nikawapa somo zima la volkano. Ikaja Venice, mji uliokaa majini, nikawaambia watu wa huko wanakwenda sokoni kwa mitumbwi. Ikaja bandari ya Norway, maji yameingia katikati ya milima mirefu, nyumba ndogo nyekundu ziko ukingoni, pazuri mpaka watu wakanyamaza, na mzee mmoja Msukuma akauliza sasa katika mawe yote yale ng'ombe wanachungwa wapi. Nikamgeukia mama, nikamtajia ng'ombe kwa Kifaransa (mmoja wa wale wanyama wangu wanne) huku nimeinua nyusi, mama akashangaa kidogo, akajibu kwa upole, nami nikamwambia mzee wako nyuma ya mlima. Akaridhika. Nilianza kujisikia mtu.

Kilichoniponza ni kofia. Katika kila picha aliyokuwemo mama mwenyewe, awe mezani, awe kwenye roshani ya meli, pembeni yake palikuwa na kiti kitupu, na juu ya kile kiti kofia ya kiume ya ukili yenye utepe wa bluu. Picha ya tano au ya sita Mama Jenoveva akauliza, hiyo kofia ni ya nani? Nikamwonyesha mama ile kofia kwa kidole. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akaongea kwa muda mrefu kuliko alivyoongea bandari zote, na sauti ikawa inashuka, na mimi sikupata hata neno moja. Akanyamaza akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Anasema ni ya abiria mwenzao mmoja, bwana huyo kila wakitaka kupiga picha yeye yuko chooni."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walishika mbavu, wanakwaya wakaegemeana, Baba Paroko akafuta macho, na wote wakiwa wanacheka walikuwa wananitazama mimi, nyuso mia mbili, nami moyo ukanijaa nikahisi nimefika nyumbani. Kwa hiyo sikuacha. Bandari iliyofuata, kofia hiyo hapo, nikauliza, mwenyewe yuko wapi? Ukumbi ukajibu, chooni! Istanbul, chooni. Cape Town, na ule mlima wake wa bapa kama meza, chooni. Mama naye akawa anatabasamu, anaona watu wanaonyesha ile kofia kwa furaha, anaongeza maneno, na mimi naongeza yangu, chakula cha melini kimemharibia tumbo, amekwenda na gazeti, amesahau kufunga mlango.

Picha ya mwisho haikuwa na mama wala kiti. Ilikuwa maji tu ya bandari fulani, tulivu, jioni, na ile kofia inaelea. Nikasema, jamani, sasa hata kofia imetumbukia chooni. Hicho ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote, na katikati yake nikamwona mama amekaa chini kwenye kiti, amefunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Kicheko kilikufa mstari kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma. Baba Paroko akaniuliza mama amesema nini. Hapo nilikuwa bado na nafasi, na sikuitumia. Nikasema anasema amechoka na safari.

Kwenye benchi la mwisho, ambako ngurumo ya jenereta ilikuwa imeimeza sauti ndogo ya mama, akasimama katekista mmoja, jina lake Salvatori, mtu wa miaka hamsini na kitu, na kabla ya kunitazama mimi alimwambia mama maneno machache kwa Kifaransa, polepole. Mama akainua uso. Salvatori akaja mbele katikati ya mabenchi, mama akamshika mkono wa shati akaanza kuongea hakatishi, na yeye akitafsiri kwa ile sauti ya watu waliozoea kusalisha makanisa yasiyo na kipaza sauti.

Kofia ilikuwa ya mume wake. Alikuwa fundi wa reli, na kwa miaka thelathini walipanga kwamba akistaafu watapanda meli waone zile bandari walizokuwa wanaziona kwenye kalenda ya jikoni. Tiketi mbili zimeshakatwa, mume akafariki wiki nne kabla ya kuondoka. Mama akaenda peke yake na kofia, akawaomba wahudumu wa meli kile kiti asipewe mtu mwingine. Bandari ya mwisho akaiachia kofia majini, kisha akashindwa kurudi kwenye nyumba tupu, akaja Mpanda kwa kaka yake. Na tangu msiba, Salvatori akasema, leo ndiyo mara ya kwanza kuwahadithia watu habari za mume wake.

Ningekuwa na akili ningetoka. Kina mama wa kwaya wakashuka kwenye mabenchi bila kuambiwa na mtu, wakakaa sakafuni kumzunguka yule mama kama wanavyokaa msibani, Mama Jenoveva akaanzisha wimbo wa maziko, watu wakapanga mstari kwenda kumpa mkono wa pole. Nami nikapanga, kwa sababu kubaki umesimama peke yako mbele ya shuka jeupe ni kubaya zaidi.

Nilipomfikia hakuuachia mkono wangu. Salvatori akasema, "Mama anauliza, uliwaambia nini hata wakacheka vile?"

Nikaeleza. Ikabidi nieleze yote, choo, tumbo, gazeti na mlango, na Salvatori anatafsiri yote bila kuruka neno, uso wake mkavu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu kifupi.

"Anasema yeye alifurahi," Salvatori akasema. "Alidhani mnacheka kwa sababu mmempenda mume wake."

Sijawahi kusikia neno likaniuma vile, na bado linauma hivi ninavyowaambia. Mama akauliza tena, kwa nini hukusema kwamba hujui? Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikainama, nikamnong'oneza Salvatori, "Mwambie sina mtu hapa. Nilipenda walivyokuwa wananitazama."

Salvatori akamwambia kwa Kifaransa. Halafu, kwa kuwa tangu alipofika mbele kila alichokisema upande huu alikirudia na upande ule, akaugeukia ukumbi akatangaza kwa sauti ile ile ya kanisani, "Mwalimu anasema hapa hana mtu. Anasema alipenda mlivyokuwa mnamtazama."

Wimbo ukakatika. Mama akaubana mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauachia. Na waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari, wakishampa mama pole, wakawa wanakuta mimi niko pale pembeni sijui pa kwenda, wakanipa na mimi. Pole mwalimu. Pole mwalimu. Mzee Msukuma wa ng'ombe akanishika bega, pole sana kijana. Nilitamani wanicheke, wanizomee, wanifukuze kwa mabenchi, chochote, kuliko kupewa mkono wa pole na ukumbi mzima ilhali sikufiwa na mtu. Kisha wakatoka makundi makundi, kila mtu na watu wake, na mimi nikashika njia ya Nsemulwa.

Toka siku hiyo niliapa kwamba nikiulizwa kitu nisichokijua nasema sijui, hata mbele ya darasa, hata mbele ya mkaguzi, na kiapo hicho nimekishika mpaka leo. Ila Jumamosi iliyofuata Mama Jenoveva alipita nyumbani, akasimama mlangoni, akatazama sufuria yangu moja jikoni akajifanya hajaiona, akasema, "Mwalimu, kesho usipike, njoo ule na sisi."

Nikamshukuru sana, nikamwambia kesho nina wageni.