Vifupa Vitatu Visivyozikwa

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Mlingotini, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Sikuwa na homa. Vidonge vya maumivu nilikuwa nimeviacha siku kumi na mbili kabla. Nimeandika kwenye daftari. Nayasema haya mapema kwa kuwa najua utakachofikiria.

Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani vilivyoharibika. Kifundo cha mkono wangu wa kulia kilivunjika zamani nilipoanguka na baiskeli, kikaunga vibaya. Tangu hapo, kila nikikikunja kilikuwa kikilia: mlio mmoja mkavu, kimya, halafu miwili midogo. Mke wangu akiusikia ukumbini alijua nimeingia. Mwaka jana mkono ukakataa kabisa kushika bisibisi. Daktari wa mifupa huko Dar akasema atatoa vifupa vitatu vilivyosagika na kuniwekea kiungo cha bandia, chuma na plastiki. Nilisoma kila nilichokipata kuhusu upasuaji ule, na nilimuuliza daktari maswali mengi. Moja sikuuliza.

Shangazi yangu, aliyenilea, ndiye aliyetaka niulize. "Waambie wakupe vifupa vyako uje navyo tuvizike."

"Shangazi, hivyo ni vya kutupwa. Vimekwisha kusagika."

"Hata kitovu chako kilikuwa cha kutupwa, na nilikizika kwa mkono wangu huu. Au vitabu vyako havijafika hapo?"

Nilicheka. Hospitalini nikaona haya kumwambia daktari jambo kama lile. Atanionaje?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Plasta ilipotolewa nilipewa kishikizo kigumu cha kuvaa, na mazoezi: unalaza mkono mezani, kiganja kinaning'inia ukingoni, unakipandisha na kukishusha mara kumi. Nilionywa nisibebe kitu wala nisivutwe mkono huo na mtu. Kiungo kikilegea kabla hakijashika, ufundi ndio basi.

Siku hiyo mke wangu na shangazi walikuwa wamekwenda msibani. Nilikuwa barazani, kishikizo nimekivua, nahesabu ya saba. Nikainua macho, mtu amesimama mbele yangu. Hakupiga hodi. Mlango wa ua nilikuwa nimeufunga kwa waya, na uani kulikuwa na makuti makavu ambayo hata kuku akipita utamsikia. Mtu wa makamo, kanzu safi, kofia ya kawaida.

"Asalaam alaykum, fundi."

"Wa alaykum salaam."

Akanyoosha mkono wa kulia.

Hapo nihukumu utakavyo. Ni nani kati yetu, aliyezaliwa pwani hii, atakayeuacha mkono wa salamu uning'inie hewani? Na wa kushoto utampaje mtu? Nikampa wa kulia.

Hakuubana. Aliushika kama mtu anayekadiria uzito wa samaki. Kisha akakikunja kifundo chake, kikalia. Mlio mmoja mkavu, kimya, halafu miwili midogo. Niamini, haukutoka kwangu. Changu hakijalia tangu nitoke hospitali.

"Umekijua," akasema.

"Umekitoa wapi?"

"Kilitupwa. Kitu kilichotupwa kina mwenyewe?"

"Nirudishie."

"Utakiweka wapi, fundi? Pako pamejaa."

Akaanza kuuvuta mkono wangu, taratibu, na nikahisi chuma kikisogea ndani ya nyama. Nikafikiria kazi yangu yote iliyo ndani ya mkono ule. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha neno moja nililolikosea kwa hofu, ndipo akaniachia.

"Usiogope. Nina kazi nacho tu."

Akazunguka kona ya nyumba. Nilimfuata papo hapo. Nyuma kulikuwa na kuku wetu, wamelala vumbini, wala hawakushtuka.

Nikarudi hospitali, na picha ikaonyesha kiungo kimekaa sawasawa. Nikawauliza kuhusu vile vifupa. Muuguzi akanijibu kwa upole, "Baba, vile huchomwa. Kwa nini hukusema kabla?"

Sasa nimerudi kazini, na bisibisi naishika. Lakini kila siku, kuanzia saa saba hadi adhana ya alasiri, naumwa mle mle ambamo mifupa haimo, maumivu ya mtu anayefanya kazi ngumu. Daktari anasema mishipa ya fahamu ina kumbukumbu. Nimesoma, ni kweli. Lakini je, kumbukumbu huotesha malengelenge kiganjani mwa mtu aliyeshinda ameketi? Shangazi aliyatazama. Tangu siku ile hanipi mkono.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiambiwa kuna kitu kitatolewa mwilini mwako, kidai kabla hujapigwa sindano ya usingizi. Sema kwa sauti, hata wakucheke. Kivishe kitambaa cheupe, kichimbiwe na mtu wako. Mimi nilitaka nionekane msomi kwa dakika moja, na leo mkono wangu unafanya kazi nisiyoijua, kwa mtu nisiyemjua.